Uzito Uliosahauliwa: Singapore na Modeli za Taarifa za Majengo

Kabla ya saa sita mchana, Jumamosi ya tarehe 15 Machi 1986, jengo la ghorofa sita katika barabara ya Serangoon, Singapore, lilishuka chini kwa muda usiozidi dakika moja. Ghorofa ya chini ilikuwa na tawi la benki. Juu yake kulikuwa na klabu ya usiku na hoteli iliyoitwa New World. Watu 33 walikufa. Wengine 17 waliokolewa wakiwa hai, baadhi yao kupitia mashimo yaliyochimbwa chini ya kifusi kwa msaada wa wataalamu wa kigeni waliokuwa nchini humo wakijenga reli ya chini ya ardhi.

Wachunguzi walianza na yale ambayo kila mtu angeyatilia shaka: bomu, mlipuko wa gesi, saruji mbovu, mtikisiko wa uchimbaji wa reli. Jibu walilolipata lilitisha kwa wepesi wake. Aliyekokotoa nguvu za nguzo za jengo lile alihesabu uzito wa watu na vitu vitakavyoingia ndani, akasahau uzito wa jengo lenyewe. Zege, kuta na nondo vilikaa juu ya nguzo kwa takriban miaka 15 bila kuwamo katika hesabu. Juu ya deni hilo likaongezwa kabati zito la chuma la kuhifadhia fedha za benki, ikaongezwa mitambo ya kupoza hewa juu ya paa, na mwaka 1982 vikabandikwa vigae kwenye kuta za nje. Kila aliyeongeza kitu alijua uzito wa kitu chake. Jumla hakuwa nayo yeyote.

Anayetaka kuelewa modeli ya taarifa za jengo, ambayo duniani kote huitwa kwa kifupi BIM, na aanze na jumla hiyo iliyokosekana.

Kwa karne nyingi ramani ya jengo imekuwa mistari. Msanifu majengo huchora mistari miwili sambamba, na kila anayeitazama hujiambia kwamba huo ni ukuta. Karatasi yenyewe haijui. Haijui kama ukuta ni wa tofali au wa zege, umebeba nini, wala utakula mifuko mingapi ya saruji. Maarifa hayo yamo vichwani mwa watu, na vichwa hivyo vimetawanyika: kwa msanifu, kwa mhandisi wa miundo, kwa mhandisi wa umeme na mabomba, kwa mkadiriaji majenzi anayekesha akipima mistari ile ili aandae BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi pamoja na gharama zake. Msanifu akihamisha dirisha Jumatatu, mkadiriaji huenda akazipata habari hizo baada ya wiki mbili, na fundi kule saiti asizipate kabisa.

Ndani ya modeli, ukuta ni ukuta. Una unene, una kimo, una aina ya tofali, unajua umekaa juu ya nini. Dirisha likihamishwa, tundu lake huhama nalo, linta huhama, na idadi ya vioo na tofali hujirekebisha katika jedwali. Bomba la maji taka likipita katikati ya boriti, programu hulionyesha pale pale kwenye skrini, ofisini, kabla kilo moja ya nondo haijakatwa. Bila modeli, bomba hilo hugunduliwa na fundi aliyeshika tindo na nyundo, ambaye hana la kufanya ila kutoboa boriti aliyoikuta. Mtu yeyote aliyejenga, awe Tanga au Tallinn, ameiona boriti ya namna hiyo.

Fikra hii ni ya zamani kuliko kompyuta za mezani. Katikati ya miaka ya 1970, Charles Eastman, profesa huko Marekani, aliandika kuhusu mfumo wa kulieleza jengo zima ndani ya kompyuta moja. Programu ya kwanza kuifikisha fikra hiyo kwa wasanifu wa kawaida ilitoka Hungaria, ambako kampuni ya Graphisoft ilianzishwa Budapest mwaka 1982 na kutengeneza ArchiCAD. Na serikali zilipoanza kuidai katika majengo yao, miongoni mwa walioanza mapema zilikuwamo nchi ndogo. Denmark iliweka masharti yake mwaka 2007. Mwaka huohuo wakala wa majengo ya serikali ya Ufini ulianza kudai modeli katika miradi yake. Uingereza, yenye watu zaidi ya mara kumi ya kila moja ya nchi hizo, ilifika kwenye sharti kama hilo mwaka 2016. Udogo una faida yake hapa: wahandisi wakuu wa nchi wanajuana kwa majina, na sheria moja ikitoka wizarani inamfikia kila mkandarasi.

Hata hivyo, nchi iliyolichukua jambo hili hadi mwisho wake ni Singapore, kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo 730 na watu wapatao milioni sita. Kisa chake kinastahili kusimuliwa pamoja na makosa yake, kwa kuwa makosa hayo ndiyo yanayofundisha zaidi.

Baada ya msiba wa Hoteli New World, Singapore ilipitisha sheria mpya ya udhibiti wa majengo mwaka 1989. Hesabu za mhandisi mmoja hazikutosha tena; ilibidi mhandisi mwingine asiyehusika, aliyeidhinishwa, azipitie upya. Hilo lilikuwa jema, na limeokoa maisha. Lakini kila jambo jema la namna hii huleta dirisha lake, na kila dirisha huleta foleni yake. Jengo moja lilihitaji idhini ya mipango miji, ya usalama wa miundo, ya zimamoto, ya maji, ya mazingira, ya barabara, hata ya miti na bustani. Kila ofisi ilitaka michoro yake, kwa namna yake. Zimamoto waliweza kudai ngazi ihamishiwe upande ambao wenzao wa ofisi nyingine walikuwa wamekwisha kuutengea kitu kingine, na msanifu akawa tarishi kati yao.

Mwaka 1995 serikali ilianzisha mpango ulioitwa CORENET wa kuyahamishia madirisha hayo kwenye kompyuta, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 michoro ilikuwa ikiwasilishwa kwa mtandao. Wakati huohuo lilifanyika jaribio la kishujaa: kuiandikia kompyuta kanuni za ujenzi ili ilikague jengo yenyewe. Jaribio hilo liliwatangulia watu wake. Kompyuta ilihitaji modeli safi, na ofisi nyingi zilikuwa bado zinachora mistari. Tena kanuni nyingi ziliandikwa na binadamu kwa ajili ya binadamu. Maneno kama “inavyofaa” na “ya kutosha” hayana tafsiri kwenye mashine. Ukaguzi wa kompyuta haukuwa desturi ya kila siku, na miaka ikapita.

Kilichoiamsha tena hoja hiyo ni suala la mikono. Majengo ya Singapore hujengwa kwa jasho la wageni: mafundi na vibarua kutoka Bangladesh, India, China na kwingineko, wanaoishi katika mabweni makubwa pembezoni mwa jiji. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kwamba uchumi hauwezi kuendelea kukua kwa kuongeza vibarua. Sharti kila mfanyakazi azalishe zaidi. Ujenzi ulikuwa miongoni mwa sekta zilizotajwa kwa kusuasua. Miaka kumi baadaye, Aprili 2020, virusi vya korona vilipoingia mabwenini, saiti karibu zote zilisimama, na kila mtu aliuona udhaifu uliokuwa ukisemwa.

Mpango wa mwaka 2010 ulisimamiwa na Mamlaka ya Majengo na Ujenzi, BCA. Lengo lake lilikuwa kwamba kufikia 2015 asilimia 80 ya sekta iwe inatumia BIM. Fedha zilitoka katika mfuko wa dola za Singapore milioni 250 wa kuinua tija ya ujenzi, na ndani yake dola milioni 6 zilianza kama mfuko wa BIM pekee. Ofisi ndogo ya wasanifu iliweza kuomba irudishiwe sehemu ya gharama za programu, kompyuta, mafunzo na mshauri. Chuo cha BCA kilifungua stashahada maalumu ya BIM, vyuo vikuu vikahimizwa kuiingiza katika mitaala, na idara za serikali zikaanza kuidai katika zabuni zao. Mwongozo wa taifa ulichapishwa mwaka 2012, kwa lugha rahisi, ukieleza nani anatakiwa kuchora nini na kwa undani gani katika kila hatua.

Kisha ikaja sheria, na hapa pana busara ya kiserikali inayofaa kutazamwa kwa makini. Serikali haikumwamuru mtu atumie programu fulani. Ilishika kitu kimoja ambacho hakuna mjenzi awezaye kukikwepa: kibali. Kuanzia 1 Julai 2013, majengo mapya ya zaidi ya mita za mraba 20,000 yalitakiwa kuombewa kibali kwa modeli ya usanifu. Mwaka mmoja baadaye wakaingizwa wahandisi wa miundo, umeme na mabomba kwa majengo ya ukubwa uleule. Kuanzia 1 Julai 2015 sharti likashuka hadi mita za mraba 5,000 kwa fani zote. Wakubwa walitangulia, wadogo wakapewa miaka miwili ya kuwatazama.

Kwa takwimu, mpango ulifaulu. Modeli zilimiminika.

Lakini anayesimama karibu na meza za kuchorea aliona jambo jingine. Ofisi nyingi ziliendelea kusanifu kwa mistari kama zilivyozoea. Mchoro ulipokamilika, na wakati mwingine mwenye jengo alipokwisha kuukubali, kazi ilipelekwa kwa mchoraji wa modeli, mara nyingi wa kukodi, aigeuze mistari kuwa kuta na nguzo ili faili lipite dirishani. Modeli ikawa stempu. Ilizaliwa maamuzi yakiwa yamekwisha, ikazikwa siku kibali kilipotoka, na mkandarasi aliyeshinda zabuni akakabidhiwa michoro bapa. Alipoona hawezi kujenga kwa michoro hiyo, akaajiri wachoraji wake wakajenga modeli nyingine upya. Jengo moja likawa na modeli mbili, na zote mbili hazikujuana.

Ni rahisi kuwalaumu wasanifu hao kwa ukaidi. Lawama hiyo haiwatendei haki. BIM huhamisha kazi kuipeleka mwanzoni mwa mradi, ambako msanifu na wahandisi hulazimika kuamua mapema mambo waliyozoea kuyaacha hadi saiti. Faida yake, kwa upande mwingine, huangukia mwishoni: kwa mkandarasi asiyebomoa ukuta mara mbili, na kwa mwenye jengo atakayelitunza kwa miaka 50. Ada ya msanifu ilibaki palepale, ikipangwa kwa hatua za mtindo wa zamani. Mtu aliyeongezewa kazi bila kuongezewa malipo, tena akiogopa kwamba akiikabidhi modeli yake kosa lolote litakalogunduliwa humo litakuwa kesi yake mahakamani, atafanya kile tu ambacho sheria inadai. Mikataba ilihitaji kubadilika kabla ya kompyuta, na mikataba hubadilika polepole kuliko kompyuta.

Mahali ambapo modeli ilikuwa ya kweli tangu siku ya kwanza ni pale ambapo jengo lisingewezekana bila hiyo. Jewel, jengo la bustani katika uwanja wa ndege wa Changi lililosanifiwa na Moshe Safdie na kufunguliwa mwaka 2019, lina kuba la zaidi ya vioo 9,000 lililojipinda pande zote kama kitumbua kilichotobolewa katikati. Hakuna rula wala karatasi iwezayo kulipima. Mfano huo hupendwa sana katika makongamano, na kwa haki ni mzuri, ila hausemi lolote kuhusu ofisi ya watu watano inayochora ghala au shule.

Mfano wenye uzito zaidi ni wa nyumba za kuishi. Minara miwili ya Clement Canopy, yenye ghorofa 40 kila mmoja na nyumba 505 kwa pamoja, ilikamilika mwaka 2019. Haikujengwa tofali juu ya tofali. Masanduku ya zege yenye ukubwa wa chumba yalimwagwa Senai, upande wa Malaysia, yakavushwa hadi Singapore, yakawekewa mabomba, nyaya, vigae na rangi, kisha yakapandishwa kwa kreni na kupangwa moja juu ya jingine hadi kimo cha mita 140. Katika ujenzi wa namna hii fundi hana nafasi ya kurekebisha kwa tindo. Sanduku likishapigwa rangi, bomba lililokosewa kwa sentimita tano ni hasara inayosafiri kwa lori na kuning'inia angani. Kwa hiyo mkandarasi, msanifu na mtengenezaji wa masanduku walilazimika kukaa pamoja mwanzoni, na modeli ikawa meza yao. Serikali ilipoanza kudai njia hiyo katika baadhi ya viwanja inavyoviuza, iliisogeza BIM mbele kuliko mwongozo wowote.

Mageuzi makubwa zaidi, hata hivyo, yalikuwa ya serikali yenyewe. Desemba 2023 mfumo mpya, CORENET X, ulianza kupokea maombi. Ofisi saba zinazosimamia mipango miji, majengo, zimamoto, maji, mazingira, barabara na bustani sasa hupokea modeli moja, huikagua kwa pamoja, na kutoa jibu moja. Zimamoto na wenzao wakipingana kuhusu ngazi, humalizana wao kwa wao kabla ya kumjibu msanifu. Vituo zaidi ya 20 vya kuomba idhini vimekusanywa kuwa malango makuu matatu: la usanifu, la ujenzi na la kukamilisha. Modeli huwasilishwa katika muundo wa wazi wa faili, IFC, uliowekewa vipengele vya Singapore, ili ofisi yoyote iweze kuutoa kutoka programu yoyote iliyonunua. Na kwa kuwa lango la kwanza linataka maamuzi makubwa ya fani zote kwa pamoja, ile desturi ya kuchora kwanza na kuunda modeli baadaye imekosa mahali pa kupenya.

Ilichukua takriban miaka 13 tangu mpango wa 2010 hadi hapo. Kwa muda mrefu wenye ofisi binafsi waliambiwa washirikiane, huku madirisha ya serikali yaliyowaambia hivyo yenyewe hayashirikiani. Ni hukumu ya makala haya kwamba hapo ndipo kosa kubwa la Singapore lilipokuwa, na kwamba nchi inayoanza leo ingeweza kuokoa miaka hiyo kwa kuanza na madirisha.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, habari hizi haziko mbali kama ramani inavyoonyesha. Kampuni ya Surbana, iliyozaliwa kutoka shirika la nyumba la Singapore na ambayo baadaye iliitwa Surbana Jurong, ndiyo iliyochora mpango kabambe wa jiji la Kigali, na ikaandaa pia mipango kabambe ya Arusha na Mwanza. Viwanja na barabara za miji hiyo tayari vimepita mikononi mwa wataalamu wa kisiwa kile. Majengo yatakayosimama juu ya viwanja hivyo yatapita katika madirisha ya halmashauri na ya bodi za wasanifu, wahandisi na makandarasi, na swali la nani ana jumla litaulizwa hapo pia.

Modeli ina mipaka yake, na anayeitangaza bila kuitaja mipaka hiyo anawadanganya watu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Ripoti za wakati ule zilieleza kwamba kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Faili la kompyuta lingeonyesha ghorofa 10 vilevile. Linalomzuia mtu kumwaga zege la ghorofa ya 11 ni mkaguzi anayefika saiti, anayehesabu ghorofa kwa macho, na mwenye nguvu ya kusimamisha kazi. Singapore yenyewe iliweka mhandisi wa pili wa kukagua hesabu zaidi ya miaka 20 kabla ya kumlazimisha mtu yeyote kuleta modeli, na haikumwondoa modeli zilipokuja. Programu za leo za kukokotoa miundo huongeza uzito wa jengo lenyewe bila kuambiwa. Bado yupo anayesaini kwamba ameiona jumla, na jina lake limeandikwa.

Kwa ratiba iliyotangazwa, CORENET X iliwekwa kuwa lazima kwa miradi mipya ya mita za mraba 30,000 na zaidi kuanzia Oktoba 2025, na kwa miradi mipya iliyosalia mwaka mmoja baadaye. Sharti hilo ndilo linaloifikia hatimaye ile ofisi ya watu watano. Msanifu wake hawezi tena kusubiri mchoro uive ndipo amtafute wa kumtengenezea modeli. Huwaita mhandisi wa miundo na mhandisi wa mabomba faili likiwa bado tupu, wakakubaliana kimo cha dari, mahali pa nguzo na njia ya maji taka. Kikao hicho zamani kilifanyika saiti, watu wakiwa wamesimama chini ya boriti, zege limekwisha kukauka.